Makosa ya Kiwandani Kwenye Sarafu: Maneno ya Kifaransa na Kiingereza (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Nimekulia Kigoma, mji ambao mtu mmoja anaweza kuwa na shilingi mfuko wa kulia na franka ya Burundi mfuko wa kushoto, na asione ajabu. Huko ndiko nilikoanza kuokota sarafu za zamani. Siku hizi watu hunitumia picha za senti zao wakiuliza kama wameokota mali. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa mahali pamoja.

Kwa nini nihangaike na lugha mbili? Kiingereza hakitoshi?

Hakitoshi, kwa sababu sarafu zilizopita mikononi mwa babu zetu zimeandikiwa vitabu na watu wa pande mbili. Ukitafuta habari za shilingi ya EAST AFRICA ya enzi za Mwingereza, ya Kenya, Uganda au Tanzania, utakutana na Kiingereza. Ukitafuta franka ya Kongo ya Wabelgiji, ya Ruanda-Urundi, ya Burundi au ya Komoro, utaangukia kwa wauzaji wa Paris na Brussels, na hao wanaandika Kifaransa chao cha kazi, kifupi na chenye vifupisho.

Mimi mwenyewe nimeshalipia ujinga huu. Kwenye mnada mmoja wa mtandaoni niliona franka ya zamani yenye maelezo "coin cassé au revers". Kwa Kiingereza changu cha shule nikasoma "sarafu iliyovunjika", nikapita. Jioni nikairudia kwa udadisi, nikaikuza picha. Sarafu ilikuwa nzima kabisa, ila ukingoni kulikuwa na uvimbe laini usio na maandishi, kama tone la nta lililoganda. Kilichovunjika ni muhuri wa kiwandani, siyo sarafu, na kosa la aina ile ndilo nililokuwa nalitafuta miezi kadhaa. Kufika hapo, mtu mwingine alishainunua.

Kwani "coin" kwa Kifaransa ni nini?

Ni muhuri wa chuma unaopigia sarafu. Hutamkwa karibu na "kwan", n ya mwisho ikipita puani. Asili yake ni Kilatini "cuneus", yaani kabari, maana muhuri wa zamani ulifanana na kabari na uligongwa kwa nyundo. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, wakaacha kulitumia kwa kifaa, wakakipa jina hilo kitu kinachotoka chini ya kifaa. Kifaa wakakiita "die". Wafaransa wamebaki na kifaa chao, na sarafu yenyewe wanaiita "pièce" au "monnaie".

Ukishika hili moja tu, nusu ya maelezo ya minada ya Kifaransa yanafunguka yenyewe. "Coin cassé", "coin bouché", "coins tournés", hata "fleur de coin", yote yanasema habari za muhuri.

Sarafu hupigwaje? Nieleze kifupi pamoja na maneno yake.

Bamba la madini hupitishwa kwenye mashine inayotoboa visahani vya duara. Kisahani kitupu ni "flan" kwa Kifaransa. Waingereza wana maneno mawili: "blank" kikiwa kimetoka tu kutobolewa, na "planchet" kikishabanwa pembeni ili kupata mdomo ulioinuka. Kisahani huwekwa katikati ya mihuri miwili, huku kimezungukwa na pete ya chuma inayozuia madini yasitawanyike. Pete hiyo ni "virole" kwa Kifaransa na "collar" kwa Kiingereza. Halafu pigo moja: "frappe", au "strike".

Matokeo yake ni upande wa kichwa, "avers" au "obverse". Upande wa pili, "revers" au "reverse". Ukingo ulioinuka, "listel" au "rim". Na ubavu, "tranche" au "edge". Mwaka ulioandikwa Wafaransa wanauita "millésime". Angalia pia neno "différent" kwenye katalogi zao. Usidhani wanasema sarafu hii ni tofauti na nyingine. Ni alama ndogo ya kiwanda au ya mchongaji mkuu, mfano ile pembe yenye matunda ambayo ni alama ya kiwanda cha Paris.

Sarafu yenye kosa inaitwaje kwa jumla?

Waingereza husema "error coin" au "mint error". Wafaransa husema "monnaie fautée", au "fautée" peke yake, hutamkwa "fote". Kuna neno la jirani ambalo wauzaji huchanganya makusudi: "variety" kwa Kiingereza, "variante" kwa Kifaransa. Hilo siyo kosa. Ni tofauti iliyotokana na mihuri kuchongwa zaidi ya mara moja, tarakimu ya mwaka ikawa pana hapa na nyembamba kule. Zipo variante ghali kuliko makosa, na zipo ambazo haziongezi hata senti.

Nikishika sarafu ya ajabu, naanzia wapi?

Anza kwa kujiuliza kilichokosea ni kipi kati ya vitatu: kisahani, muhuri, au pigo. Wakusanyaji wa Marekani wana herufi tatu za kukumbushia, P, D na S, yaani planchet, die, strike. Wafaransa hawana kifupisho hicho, lakini maneno yao yanafuata njia ileile: flan, coin, frappe.

Faida yake ni hii. Kosa la muhuri hurudiwa kwenye kila sarafu iliyopigwa na muhuri ule hadi ulipotolewa, kwa hiyo kuna ndugu zake mahali. Kosa la pigo ni la sarafu moja peke yake, huwezi kupata pacha wake halisi. Kosa la kisahani lilikuwepo kabla picha haijagongwa, kwa hiyo picha huwa imelifuata kosa, siyo kosa kuikata picha. Na kama huwezi kueleza jambo limetokea hatua gani kati ya hizo tatu, basi kwa uzoefu wangu limetokea barabarani chini ya tairi.

Makosa ya kisahani ni yapi?

Linaloonekana zaidi ni sarafu iliyong'atwa pembeni kama biskuti. Mashine ya kutoboa ilishuka mahali palipokwisha kutobolewa, kisahani kikatoka na pengo la upinde. Kwa Kiingereza ni "clip". Kuna namna ya kutofautisha pengo la kiwandani na la tupa: tazama ukingo upande wa pili, moja kwa moja mkabala na pengo. Mara nyingi utakuta ukingo umefifia hapo, kwa sababu mashine ya kubana mdomo ilikosa kitu cha kuegemea upande wa pengo. Waingereza wanaita hali hiyo "Blakesley effect". Mtu mwenye tupa hajui habari hizo.

Kifaransa hapa kina mtego. Ukikuta "rogné", mara nyingi wanazungumzia ule wizi wa zamani wa kukwangua pembe za sarafu za dhahabu na fedha ili kubaki na vumbi la madini. Huo ni uhalifu wa binadamu, wala kiwanda hakihusiki.

Madini yakiwa na uchafu ndani huachia ganda, kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Waingereza husema "lamination". Wafaransa husema "paille", neno lao la majani makavu, kwa jinsi ufa wenyewe unavyofanana na unyasi uliolala ndani ya chuma.

Kosa la kisahani lenye heshima kuliko yote ni sarafu kupigwa kwenye kisahani cha sarafu nyingine. Kwa Kiingereza "wrong planchet". Wafaransa hutaja kisahani chenyewe: "sur flan de" kitu fulani. Mwaka 1943, vitani, Marekani iliacha kupiga senti za shaba ikapiga za chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilibaki kwenye vyombo, vikapigwa picha ya 1943, na leo ni kati ya makosa yanayotafutwa zaidi duniani. Mwaka uliofuata kinyume chake kikatokea: shaba ilirudi, lakini senti chache za 1944 zikatoka za chuma.

Sehemu ninayoipenda inawahusu Wabelgiji. Nchi yao ilipokombolewa 1944 haikuwa na sarafu za kutosha, na kiwanda cha Philadelphia, huko Marekani, kiliwapigia franka 2 kipande 25,000,000, kwa kutumia visahani vya chuma vilivyobaki kwenye zile senti za 1943. Yaani chuma kilekile, ndani ya jengo lilelile, kikiwa senti ya 1944 ni kosa la kuuzwa mnadani, kikiwa franka ya 1944 ni pesa halali ya kununulia mkate. Kiwanda hichohicho ndicho kilichokuwa kimepiga, 1943, ile franka 2 ya Kongo ya Wabelgiji yenye pembe sita na picha ya tembo. Ukimwona mzee wa Kalemie au Uvira anayo, mwambie imetoka Marekani, atacheka.

Na makosa ya muhuri?

Muhuri ni chuma, na chuma huchoka. Kwanza hupata ufa mwembamba, na ufa huo huonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Kumbuka: ulioinuka. Mstari ulioingia ndani ni mkwaruzo tu. Wafaransa huita "cassure de coin", Waingereza "die crack". Ufa ukiendelea, kipande cha muhuri hung'oka ukingoni, madini hujaa pale, sarafu inapata ule uvimbe niliousimulia. Waingereza wameupa jina la "cud", yaani cheuo, kile anachocheua ng'ombe. Wafaransa hawakufika huko zizini. Wao ni "coin cassé" tu.

Muhuri ukijaa grisi na vumbi, herufi hukosa mahali pa kuingia na hutoka zimefifia au hazipo kabisa. Hiyo ni "coin bouché", muhuri ulioziba. Waingereza husema "filled die". Mfano maarufu ni senti ya Marekani ya 1922. Mwaka huo senti zilipigwa Denver peke yake, kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na herufi D. Zisizo na D zilitoka kwa mihuri iliyochakaa na kuziba.

Mihuri miwili ikigongana bila kisahani katikati, kila mmoja humwachia mwenzake kovu, na sarafu zinazofuata hubeba kivuli cha upande wa pili. Kwa Kiingereza "clashed dies", kwa Kifaransa "coins entrechoqués". Fundi akiamua kulisugua lile kovu, mambo huweza kuharibika zaidi: huko Denver, 1937, muhuri wa senti tano ulisuguliwa mpaka mguu mmoja wa mbele wa nyati ukafutika. Sarafu hiyo huitwa nyati wa miguu mitatu, na wapo wahuni wanaofuta mguu wa sarafu nzuri ili waiuze kwa jina hilo.

Maandishi kwenye sarafu yangu yanaonekana mara mbili. Ni "doubled die"?

Pengine siyo. Hili ndilo swali linalonijia zaidi, na ndilo linalouzwa vibaya zaidi, kwa hiyo tusiende haraka.

"Doubled die" maana yake muhuri wenyewe ulichorwa maradufu wakati wa kutengenezwa. Zamani muhuri ulihitaji kukandamizwa zaidi ya mara moja na muhuri mama, na ukigeuka kidogo katikati, unatoka na maandishi mawili mawili. Sarafu zote za muhuri huo hubeba kasoro hiyo, na kila herufi ya pili ni nono, ya mviringo, yenye mpasuko safi kwenye kona zake. Babu wa aina hii ni senti ya Marekani ya 1955: zinazokadiriwa kuingia mitaani ni kati ya 20,000 na 24,000, na husimuliwa kwamba nyingi zilijitokeza kama chenji iliyobandikwa kwenye pakiti za sigara. Hizo huhitaji lenzi? Hapana. Mwaka unausoma mara mbili kwa macho matupu.

"Double strike" ni kitu kingine: sarafu haikutoka kwenye mashine, ikapigwa tena. Wafaransa husema "double frappe". Wana pia neno zuri zaidi, "tréflage", kutoka "trèfle", lile jani la sehemu tatu lililoko kwenye karata za maua. Hutumika pale sarafu inapocheza kidogo kati ya pigo na pigo, herufi zikatoka zimerudufiwa kama majani ya ua hilo. Utalikuta sana kwenye sarafu za enzi ya nyundo.

Cha tatu, ambacho ndicho ulichonacho wewe kwa uwezekano mkubwa, ni "machine doubling". Muhuri ulilegea, ukateleza wakati unainuka, ukazibonyeza herufi pembeni. Alama yake ni ngazi bapa, kama herufi imekanyagwa upande mmoja. Hutokea kila siku, na haiongezi thamani. Wauzaji wa mtandaoni huandika "double" halafu wanakuachia wewe ujaze mengine.

Msichanganye hayo na "surfrappe", kwa Kiingereza "overstrike": hapo sarafu nzima ya zamani imetumika kama kisahani cha sarafu mpya, mara nyingi kwa amri ya serikali. Wala na "refrappe", kwa Kiingereza "restrike", ambayo ni upigaji rasmi wa baadaye. Mfano tunao nyumbani kwetu pwani: ile reale ya fedha ya Maria Theresa iliyotembea Zanzibar na Omani. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20 katika viwanda vya Vienna, London, Paris na Bombay. Kuandika mwaka usio wake siyo kosa lake. Ndiyo kazi yake.

Makosa ya pigo ni yapi?

Picha ikihama na kuacha sehemu ya kisahani ikiwa tupu, Wafaransa husema "frappe décentrée", Waingereza "off-center". Hapa nina onyo. Kwenye sarafu ya mashine, kuhama kwa picha huongeza bei, hasa mwaka ukiwa bado unasomeka. Kwenye sarafu ya nyundo, ya Kirumi au ya wafalme wa kale, "décentrage" ni kasoro ya kawaida na hupunguza bei. Neno moja, bei zinakwenda pande mbili.

Pete ikikosa kushika, madini hutawanyika na sarafu hutoka pana, bapa, haina mistari ya ubavuni: "frappe hors virole", yaani nje ya pete. Waingereza wana neno moja tu, "broadstrike".

Halafu kuna lile linalonifurahisha kuliko yote. Sarafu iliyokwisha kupigwa hung'ang'ania kwenye muhuri na haianguki. Kisahani kinachofuata hakipigwi na muhuri bali na sarafu iliyonasa, kwa hiyo kinatoka na uso uleule pande zote mbili: upande mmoja umeinuka sawasawa, upande wa pili umezama na umegeuzwa kama kwenye kioo. Wafaransa huiita "frappe incuse", Waingereza "brockage". Denari za Kirumi zina nyingi. Ukiishika na kupitisha kidole, pua ya mtawala unaisikia shimo.

"Mule" ni nini? Nimeona limetafsiriwa nyumbu.

Ni kweli, ila sisi wa huku tukisikia nyumbu tunawaza Serengeti. Hapa anayekusudiwa ni baghala, mtoto wa punda na farasi. Sarafu ya namna hiyo imepigwa na mihuri miwili isiyooana: mama wa ukoo huu, baba wa ukoo ule. Wafaransa hutumia pia "hybride".

Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha picha za sarafu zake. Kwenye peni 20 ya zamani mwaka ulikuwa upande wa nyuma. Kwenye mpya ulihamia upande wa kichwa cha malkia. Kiwanda cha Llantrisant, huko Wales, kikaunganisha kichwa cha zamani na mgongo mpya, na sarafu ikatoka haina mwaka popote. Zinakadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 200,000. Wenzetu walioko Uingereza, angalieni chenji zenu, hizi bado hutajwa kuokotwa. Marekani nao, mwaka 2000, walipiga kichwa cha robo dola upande mmoja na tai wa dola moja upande wa pili, juu ya kisahani cha rangi ya dhahabu.

Sarafu yangu nikiigeuza, upande wa pili uko kichwa chini. Nimepata mali?

Ishike kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa cha picha, kingine chini ya shingo, kisha izungushe kama mlango kwenye bawaba. Shilingi ya Tanzania au ya Kenya itakuonyesha upande wa pili ukiwa umesimama wima. Hiyo huitwa "frappe médaille", na Waingereza na euro hufuata utaratibu huo. Dola ya Marekani na franka ya zamani ya Ufaransa zitakuonyesha upande wa pili kichwa chini: "frappe monnaie". Zote ni sahihi. Mjomba wako aliyerudi na senti za Marekani hajaleta makosa.

Kosa lipo pale sarafu inapovunja utaratibu wa nchi yake, kwa sababu muhuri ulizunguka: "coins tournés", au "rotated dies". Wafaransa hupima kwa saa ya ukutani. Wakiandika "axe 6 h" wana maana kichwa chini, "12 h" wima. Ukikuta "axe 4 h", hapo muulize muuzaji vizuri.

Nina sarafu yenye vichwa viwili.

Una kichezeo cha mwanamazingaombwe. Hutengenezwa kwa kukerezwa: sarafu moja hukombwa ndani kama kisosi, nyingine hupunguzwa ikaingia humo. Tafuta mshono mwembamba ndani ya ukingo, na uidondoshe mezani usikie. Haitoi mlio wa sarafu, hutoa sauti butu.

Ile senti 10 ya EAST AFRICA yenye tundu, je?

Hapo tuko nyumbani. Visahani vilitobolewa kabla ya kupigwa, kwa hiyo tundu lililohama ni kosa la kisahani. Ninayo moja: tundu limeegemea upande na kumega ncha ya pembe moja ya ndovu. Chini ya lenzi, mdomo wa tundu ni laini, madini yamemiminika kidogo ndani kwa nguvu ya pigo. Sarafu iliyotobolewa na mtu ili avalishwe mtoto shingoni ina mdomo mkali, upande mmoja umezama na mwingine umechomoza kama bati lililopigwa msumari. Wafaransa huiita hiyo ya pili "trouée", na bei hushuka.

Herufi ndogo H siyo kosa; ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni Kings Norton. Na senti za 1936 zenye jina la mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka uleule kabla hajatawazwa, nazo si kosa. Sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, ndiyo maana zilitoka mapema wakati Uingereza yenyewe haikuwahi kuingiza pesa zake mtaani.

Sarafu za Tabora za 1916 mbona zote zina kasoro?

Kwa sababu zilipigwa vitani. Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, sarafu haziji, wakapiga zao kwenye karakana za reli huko Tabora: heller za shaba, yaani senti za rupia yao, na rupia 15 za dhahabu ya machimbo ya Sekenke, tembo mbele na mlima nyuma yake, vipande 16,198 tu. Herufi T ndiyo Tabora. Mihuri ya heller 20 ilichongwa hapohapo kwa mkono, kwa hiyo taji liko kubwa hapa na dogo kule, madini ni shaba nyekundu au njano kwa kadiri ilivyopatikana. Nyufa, picha iliyohama, maandishi yaliyofifia, vyote ni vya kawaida. Mtu akikuuzia heller ya Tabora kwa bei ya juu kwa kuwa ni "fautée", mwambie akuonyeshe isiyo na kasoro, hiyo ndiyo adimu. Na rupia za dhahabu bandia ni nyingi, msinunue kwa picha. Septemba 1916 mji ulichukuliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, na kazi ikaishia hapo.

TB, TTB, SUP, SPL, FDC?

TB hapa si kifua kikuu. Ni hali ya sarafu: "très beau", imechakaa lakini inasomeka, TTB, "très très beau", afadhali zaidi, halafu "superbe", "splendide", na juu kabisa "fleur de coin", kama imetoka chini ya muhuri leo asubuhi. Ajabu ya Wafaransa ni kwamba "nzuri sana" ndiyo mbaya. Neno "ESSAI" likiwa limepigwa kwenye sarafu yenyewe, kama zile za Komoro na Madagaska, ni sampuli rasmi, siyo kosa.

Maneno gani yanitie wasiwasi nikiyaona?

"Nettoyée": imesuguliwa. "Traces de monture": iliwahi kuvaliwa kama kidani. "Coup sur la tranche": imepigwa ubavuni. Kwa Kiingereza, "PMD" ni uharibifu wa baada ya kiwanda, na "as is" maana yake muuzaji anajua jambo ambalo hataki kulisema. Sarafu nyembamba isiyo ya kawaida, yenye picha kamili lakini iliyofifia sawasawa kila mahali, imelala kwenye asidi.

Naomba unitazamie yangu.

Tuma picha ya kila upande na moja ya ubavu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Ipeleke kwa sonara aipime, uniandikie gramu pamoja na zile tarakimu mbili za baada ya nukta: senti ya Marekani ya chuma ina 2.70, ya shaba 3.11, na hapo hapo ugomvi wa 1943 huisha, hasa ukiongeza sumaku. Usiisugue kwa ndimu wala majivu. Na kama ni nyati wa miguu mitatu, nihesabie miguu mwenyewe kwanza.